Ulibonyeza Mbili, Skola

Skola,

Sikuandikii kwa sababu nimekukumbuka. Nimekukumbuka, ndiyo, lakini kwa hilo ningelia tu kisha nikaendelea kusahihisha madaftari. Nakuandikia kwa sababu nimekukasirikia na hasira yenyewe sina pa kuipeleka. Mama yako siwezi kumwambia. Fides, mdogo wako, ndiyo kwanza ameanza kula vizuri. Padri nilimgusia kidogo, akaniambia nikuombee. Nakuombea. Nikimaliza sala bado nataka kukukamata mabega nikutikise.

Aliyenituma nikuandikie ni Bi Somoe, mtani wenu, yule mfupi mwenye mwanya, aliyejilaza mlangoni kwenu siku ya mazishi akasema jeneza halipiti mpaka apewe jogoo. Wiki iliyopita nilimkuta sokoni Ruangwa anauza ming'oko, vile viazi vyenu vya porini. Akanitazama, akasema, "Mwalimu, bado unayo?" Nikamuuliza, "Nini?" Akasema, "Hasira. Sisi watani tulimtukana Skola mpaka midomo ikakauka, tukala jogoo wao, tukaenda zetu majumbani. Wewe ulikaa pale na kitenge mdomoni. Sasa inakuvimbia. Si unajua kuandika wewe? Basi mwandikie, umtukane." Akaniongezea ming'oko miwili juu ya fungu langu, hakutaka nilipie.

Basi shika, Skola. Wewe ni mwongo.

Afadhali nimelitoa hilo. Sasa naweza kuendelea polepole.

Unalikumbuka lile benchi la kliniki pale Nachingwea? Nilikuwa na miezi michache tu tangu nihamishiwe Nambambo kutoka Sengerema. Sikumjua mtu. Kila kitu cha huku kusini nilikiona kigeni, ugali wa muhogo, baridi ya asubuhi ya mwezi wa saba, watu wanaosema Kimwera mbele yangu kisha wanacheka. Nilikuja kuchukua vidonge vyangu vya foliki nirudi kujifungia. Wewe ulikuwa umekaa na kikapu mapajani, unamenya ming'oko na kuichovya kwenye chumvi ya pilipili. Ukanitazama machoni, si usoni, machoni kabisa, ukasema kwa sauti ya kusikika mpaka dirisha la dawa, "Karibu nyumbani. Njano kama yangu." Benchi zima likageuka. Nilitamani ardhi inimeze. Ukanimenyea mmoja, ukanipa mkononi kama tuliolala nyumba moja jana yake.

Kwetu selimundu, huu ugonjwa wetu wa damu, ilikuwa siri. Mama yangu alinifundisha kutazama chini nikiongea na watu ili wasione macho, na nikilazwa, shuleni wanaambiwa nina malaria. Nimekua hivyo, nimesoma chuo hivyo, nimepata kazi hivyo. Wewe ndiye mtu wa kwanza niliyemsikia akiutaja ugonjwa wetu mbele za watu vilevile anavyotaja kijiji chake. "Mimi ni Skolastika, wa Chunyu, nina selimundu." Hivyo tu. Kwa hilo nilikupenda. Na kwa hilohilo leo nina uchungu na wewe, maana ni wewe uliyenitoa mafichoni, kisha ukaenda kujificha mwenyewe.

Ulipokuja ule mradi wa simu, ulinivuta mkono. Mimi nilitaka kukaa nyuma. Mratibu alisimama pale kliniki akaeleza kwamba kila Ijumaa saa kumi na mbili jioni simu ya kila mgonjwa, au ya mama wa mtoto mgonjwa, italia. Hata iwe kitochi. Ukipokea unasikia ujumbe mfupi wa Kiswahili. Hakuna kusoma, hakuna bando. Mwishoni sauti inakuuliza kama wiki hiyo umepata homa au maumivu makali. Kama ndiyo, unabonyeza moja, na nesi wa kliniki anakupigia. Kama hapana, unabonyeza mbili, mnaonana Ijumaa nyingine. Walitaka mtu wa kuandika maneno na mtu wa kuyasema. Ukanyoosha mikono miwili. "Huyu mwalimu ataandika," ukasema, "mimi nitasema. Mimi mdomo ninao."

Niliandika ujumbe wa kwanza usiku kucha ukawa umepangika vizuri sana. Ulipousoma ulicheka mpaka ukashika ubavu. "Mwalimu, huu ni mtihani wa darasa la saba. Ongezeko la joto la mwili ndiyo nini? Mama wa Nambilanje umwambie hivyo, ataenda kutafuta jiko." Ukachukua kalamu, ukakata, ukasema iandikwe mwili ukichemka. Ndivyo tulivyofanya kazi. Mimi naandika, wewe unakata, tunagombana, na mwishowe maneno yanakuwa hayana mwenyewe. Siwezi kusema yapi yangu, yapi yako.

Tulirekodi kwenye stoo ya shule, kati ya majembe na magunia ya mahindi ya uji wa wanafunzi, na godoro langu tukalisimamisha dirishani kuzuia kelele. Joto lilikuwa la kufa mtu. Kwenye ujumbe wa maji, ulipofika tu pale pa "kunywa maji hata kama husikii kiu", jogoo wa mwalimu mkuu akawika. Nikasema turudie. Ukakataa. "Acha, wajue tupo hai huku." Ujumbe ukaenda hivyohivyo na jogoo wake. Mpaka leo kuna akina mama wanaouliza jogoo anaendeleaje.

Na huduma ilifanya kazi, Skola. Hilo siwezi kukunyima hata nikikasirika vipi. Pale sokoni Ruangwa ulikuwa hununui nyanya bila mtu kugeuka, "Wewe si ndiye sauti ya Ijumaa?" Yule mama wa Nambilanje, Mama Zawadi, si alishika tumbo la mtoto wake kama ulivyomfundisha kwenye simu, akahisi bandama imevimba ghafla, akaacha ufuta wake shambani haujafungwa akakimbilia hospitali? Zawadi akaongezewa damu, akapona. Alikuletea kuku. Ulilia ukimpokea yule kuku, halafu ukaniambia nisimwambie mtu kwamba ulilia.

Sijui ni lini hasa mratibu alianza kukuita mgonjwa wetu wa mfano. Mwanzoni tulilicheka. Kila akija mgeni anasimamishwa mbele yako, anaambiwa, "Huyu hapa hajalazwa tangu huduma hii ianze." Mgeni anapiga makofi, anapiga picha. Wewe unatabasamu. Siku moja tukirudi nikakuambia hayo maneno siyapendi, kwamba selimundu haina mfano, leo mzima kesho wodini, ndivyo tulivyo. Ukasema, "Waache, Mwalimu, yanawapa watu moyo." Ukabadilisha habari.

Sasa nije kwenye ile wiki.

Jumamosi ilikuwa tupokee wageni pale Ruangwa, wageni wakubwa, ukumbi mzima wa wagonjwa na wazazi, na wewe uzungumze. Jumatano nilikupigia kukuuliza utavaa nini. Nikakuuliza uko wapi. Ukasema, "Nipo Nambilanje kwa Mama Zawadi, mtoto kagoma vidonge, nitalala hukuhuku." Sauti yako ilikuwa nzuri. Nyepesi, imechangamka, ile ya stoo. Alhamisi ukanitumia ujumbe wa sauti: "Mwalimu, kunywa maji, Jumamosi nataka ung'ae." Nikacheka, nikanywa maji. Nilikutii, unaona? Nilikunywa glasi nzima ya maji kwa kukutii wewe, na wewe ulikuwa umelala Chunyu chini ya mablanketi mawili, unatetemeka.

Ungenidanganya uso kwa uso ningekukamata. Ningekutazama machoni kama ulivyonitazama siku ile benchini na ningejua. Simu haina macho. Wewe ulilijua hilo kuliko sisi wote, kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yako, kupeleka sauti mahali ambapo mwili haufiki.

Jumamosi nilifika ukumbini mapema. Nilipanga viti. Cha mbele nilikiwekea kitenge changu ili mtu asikikalie, kilikuwa chako. Akina mama walikuwa wameshajaa, wengine wametoka mbali na watoto migongoni, wanauliza, "Skola yupo wapi?" Nawaambia, "Yupo njiani." Nilisema hivyo kwa kila aliyeuliza. Wageni wakaingia. Simu yangu ikaita, nikaona jina la Fides, nikafurahi, nikajua mmefika. Fides hakusema habari za asubuhi. Alisema, "Dada Mwalimu, ametufia garini. Tulikuwa hatujafika hata lami."

Nilikwenda kumwambia mratibu. Nilimwambia sikioni. Alifumba macho, na nadhani alihuzunika kweli, mimi si mtu wa kumsingizia. Lakini la kwanza alilolitamka lilikuwa, "Sasa wageni tuwaambieje?" Nikachukua kitenge changu kwenye kiti chako nikatoka.

Wageni waliambiwa umepata dharura ya kifamilia.

Kuhusu mazishi yako sina mengi. Ulizikwa vizuri, kwaya ya kigango ilikuja yote, walimu wenzangu walikuja kutoka Nambambo. Watani wenu walifanya vituko vyao, mmoja akavaa gauni lako la njano nje ndani, akawa anazunguka na kipande cha mkaa sikioni kama simu, anajifanya wewe: "Habari ya Ijumaa, mwenzangu!" Mimi kwetu watani wapo pia, lakini siku hiyo sikuweza kucheka. Niliona kama wanakudhihaki.

Ila ngoja nikusimulie Ijumaa iliyofuata, maana hukuwepo, na ulipaswa uwepo.

Matanga yalikuwa hayajaanuliwa. Tulikuwa tumekaa mkekani, akina mama wengi wa kliniki yetu wakiwemo, na Mama Zawadi na mwanawe. Hakuna aliyekumbuka siku wala saa. Mara simu ya mmoja ikaita. Ikaita ya pili. Kisha zote, mikobani, kwenye pindo za khanga, kifuani, yangu nayo. Mtu mmoja akapokea bila kuangalia, na kitochi chake si unajua vinavyopayuka, ukasikika wewe, mkeka mzima: "Habari ya Ijumaa, mwenzangu. Mimi ni Skola, na mimi pia nina selimundu."

Mama yako aliweka mkono kifuani. Hakuna aliyeweza kukata simu. Nani akukate wewe? Ukaendelea, na ulikuwa ujumbe wa homa, Skola, kati ya jumbe zote ukawa huo. "Homa kwetu si ya kulala nayo. Usiseme kesho. Usiseme nimalize kwanza shamba. Mwili ukichemka, nenda leo." Ukamaliza, ukauliza swali lako, bonyeza moja, bonyeza mbili.

Ndipo Bi Somoe akatoka jikoni na mwiko mkononi. Akamnyang'anya yule mama simu, akaiweka mdomoni akakujibu. "Habari za Ijumaa ni kwamba umekufa, mjinga wewe! Sisi unatukimbiza hospitali, wewe unakimbilia blanketi! Unatuuliza homa, ya kwako umempa nani?" Watu wakaangua kicheko, kile kicheko kinachogeuka kilio kabla hakijaisha. Mama yako alicheka na kulia mpaka akalala ubavu. Hakumkemea. Mtani hakemewi.

Kila mtu alipata nafuu siku ile isipokuwa mimi. Maana ndipo nilipojua. "Unakimbilia blanketi." Nilikuwa naambiwa umeugua ghafla. Mratibu alisema Mungu amekuita ghafla, padri alisema ghafla, na mimi niliamini umetoka Nambilanje mzima ukaanguka. Nilimfuata Fides alikokuwa anaosha masufuria. Nikamuuliza, blanketi gani? Maskini mtoto wa watu akaniambia yote bila kuniangalia.

Kwamba hukuwa umekwenda Nambilanje kabisa. Kwamba homa ilianza mapema wiki ile, na ulimwapisha asiniambie. Kwamba Ijumaa jioni simu yako iliita kama za wengine, ukaipokea, ukaiweka kifuani ukajisikiliza mpaka mwisho. Na sauti yako ilipokuuliza kama umepata homa au maumivu makali, ukanyanyua kidole ukabonyeza mbili. Fides alikuwa amekushikia kikombe cha maji. Akakwambia, "Dada, mbona mbili?" Ukamjibu, "Niacheni Jumamosi ipite. Nikibonyeza moja nesi atapiga, ataniita wodini. Kesho mratibu atasimama na nani? Na wale akina mama watasema hata Skola imemshinda."

Skola. Wewe mwenyewe ulijiuliza kwa sauti yako, na bado ukajidanganya.

Nimelizungusha jambo hili kichwani mpaka nimechoka. Nani alikuambia kulazwa ni kushindwa? Si mimi. Tuliandika ujumbe mzima, "Kulazwa si aibu, wodi si kaburi," ukausema mara mbili kwa sababu mara ya kwanza ulikohoa katikati. Uliusema vizuri kiasi kwamba mimi, mimi niliyeuandika, niliacha kuona haya kwenda na mto wangu wodini. Nilikuamini wewe kuliko nilivyoyaamini maneno yangu. Kumbe ulikuwa unatusomea tu? Au yalikuwa ya kweli kwa wote isipokuwa wewe? Nijibu. Najua hujibu. Nina haki ya kuuliza.

Na usidhani umejidhulumu peke yako. Mwezi uliopita Mama Zawadi alinifuata kliniki. Alikuwa na vile vidonge vya mtoto kwenye karatasi, havijapungua. Akaniwekea mkononi. "Mwalimu, yule aliyekuwa anatuambia tufanye haya ndiye aliyekufa, na alikuwa anafanya yote. Sasa mimi mwanangu nimpe vidonge vya nini? Nimhangaishe bure?" Zawadi alikuwa pembeni yake, macho njano, anachezea kiatu changu.

Nilikuwa na jibu. Jibu lilikuwa hapa kooni: hakufa kwa kufuata, alikufa kwa kutofuata. Maneno machache tu, na mtoto anaendelea kumeza dawa. Lakini mama yako siku ile ya matanga aliniita chumbani, akanishika mikono yote miwili, akasema, "Mwanangu, Fides kaniambia aliyokuambia. Usimseme mwenzio. Waache wamkumbuke vizuri." Niliitikia. Ni mama, angeniomba nini nikatae? Kwa hiyo kwa Mama Zawadi nilisema maneno ya kitabuni, yale ya mtihani wa darasa la saba, na nikamwona anaondoka hajaamini hata moja. Vidonge alinirudishia. Ninavyo hapa mezani.

Hapo ndipo uliponiweka, shoga yangu. Nikikaa kimya kukulinda, yule mtoto anaweza kufa. Nikisema, nakuvua nguo kaburini. Umeniachia hilo bila hata kuniaga.

Leo ni Ijumaa. Nimewaachia wanafunzi mapema, nimekaa ndani na sweta na kitenge juu yake, na nje jua linawaka. Nadhani umeshaelewa. Tangu mchana mgongo unakata na mikono ni ya moto. Nimejiambia ni uchovu. Nimejiambia ni kuandika barua kama hii. Kwa sababu kesho, usicheke, kesho mratibu ananirekodi mimi. Anataka sauti mpya, kwamba si vizuri watu kuendelea kupigiwa na marehemu. Atakuja na wageni stoo kwetu waone tunavyofanya. Juzi alinipigia kuniandaa, akasema, "Mwalimu, na wewe hujalazwa muda mrefu, eti? Hilo tutalitaja."

Na leo, tangu mchana, nimekuwa nikifikiri kama wewe. Neno kwa neno. Acha kesho ipite. Panado mbili, maji mengi, sauti itatoka tu, mwili nani anauona? Nimeshangaa jinsi wazo hilo lilivyo rahisi. Halikuniambia hata kidogo kwamba hili ni jambo la kufa. Linakuja kwa upole, linajiita kazi, linajiita kuwapa watu moyo. Kwa hiyo nimekuelewa, Skola. Sijakusamehe, tusichanganye. Nimekuelewa tu, na kukuelewa kumeniogopesha kuliko kaburi lako.

Hapo nimeweka kalamu chini kupokea simu. Saa kumi na mbili. Ulikuwa wewe, kwa mara ya mwisho nadhani, na ulikuwa ule wa jogoo. Nimekusikiliza mpaka mwisho. Ukaniuliza.

Nimebonyeza moja.

Nesi amepiga kabla sijakaa. Amesema nije sasa hivi, wodi ina nafasi. Mwalimu mkuu ameenda kuwasha pikipiki yake. Mratibu nimemtumia ujumbe kwamba kesho sipo stoo, nipo wodini Nachingwea, na kama wageni wanataka kuona huduma inavyofanya kazi waje waione kitandani, ndiyo inavyofanya kazi. Hajajibu. Ajibu asijibu.

Nimechukua mto wangu. Nimechukua na vidonge vya Zawadi.

Hiki ndicho ninachokuahidi, na nakuahidi kwa jina langu maana la kwako siliamini tena. Nikitoka wodini, kwanza nakwenda Chunyu kwa mama yako. Sitasema hadharani kabla ya kumwambia yeye, nitapiga magoti nimweleze, na akilia nitalia naye. Kisha nitaingia stoo, nitasimamisha godoro, na ujumbe wangu wa kwanza utaanza hivi: "Habari ya Ijumaa, mwenzangu. Mimi ni Kabula. Nina selimundu, na juzi nimetoka kulazwa. Skola wetu alipata homa akaificha kwa sababu yetu. Usiifiche ya kwako kwa sababu ya mtu yeyote." Halafu nitampelekea Mama Zawadi vidonge vyake mwenyewe, kwa miguu yangu, anitazame macho yangu yakiwa ya njano hivihivi, aulize anachotaka.

Naomba usinikasirikie. Au nikasirikie, tulingane.

Pikipiki inaunguruma nje. Lala salama, shoga yangu, mwongo wangu. Uliniuliza kama nina homa, nimekujibu ukweli. Angalau mmoja wetu awe amekujibu.

Mwalimu wako,
Kabula